Kufungwa na Mtani: Habari za Ustahimilivu wa Washabiki wa Mpira Katika Mji wa Dar es Salaam

Historia ya mpira wa miguu katika mji wa Dar es Salaam imeandikwa zaidi kwa upande wa washindi. Tunayo majina ya waliofunga mabao, tarehe za vikombe na hesabu za ubingwa. Lakini wale waliotoka uwanjani wakiwa kimya, bendera zimekunjwa kwapani, hawakupata mwandishi. Kasoro hii si ndogo. Vilabu viwili vikubwa vya mji huu, Yanga na Simba, vimekwisha kuishi karibu miaka 90, na katika muda huo kila kimoja kimepata kuaibishwa na mwenzake mbele ya umati wa watu. Kwamba vyote viwili vingali hai ni dalili kuwa upande ulioumia ulijua namna ya kuyabeba maumivu yake. Makala haya yanakusudia kuuliza: waliyabeba kwa njia gani, na kwa lugha gani?

Yapasa kwanza kukumbusha asili ya mambo. Klabu ya Young Africans, ambayo watu waliifupisha wakaiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Sunderland, na ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Makao ya vyote viwili yako Kariakoo na pembezoni mwake: Yanga kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani, Simba kwenye mtaa wa Msimbazi. Mtu mzima hahitaji kupanda gari ili kutoka makao ya mmoja na kufika ya mwenzake. Ujirani huu ndio ufunguo wa habari yote. Mshabiki aliyefungwa hana pa kukimbilia. Muuza kahawa wake, kinyozi wake, shemeji yake, huenda na mkewe, ni watu wa upande wa pili. Na kesho yake asubuhi ni lazima awasalimu.

Tutaje sasa mapigo yenyewe. Mashindano ya ubingwa wa taifa yalianza mwaka 1965, na Sunderland wakawa mabingwa mwaka huo na mwaka 1966. Lakini tarehe 1 Juni 1968 Yanga waliwafunga mabao 5 kwa bila. Pigo hilo halikuja peke yake: Yanga walitwaa ubingwa mwaka huo, wakaushika mfululizo hata mwaka 1972, na katika mwaka 1969 na 1970 walifika robo fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Kwa hiyo mshabiki wa Sunderland hakuumia siku moja tu. Aliishi miaka 5 chini ya kivuli cha jirani yake. Kisha gurudumu likageuka. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliwafunga Yanga mabao 6 kwa bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga 3. Simba nao wakashika ubingwa tangu mwaka 1976 hata 1980. Vizazi vya baadaye vilipata mapigo yao: tarehe 6 Mei 2012 Simba walishinda mabao 5 kwa bila, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga wakashinda 5 kwa 1. Tena mwaka 2013, tarehe 20 Oktoba, Yanga walikwenda mapumzikoni wakiongoza kwa mabao 3, na mchezo ukaisha 3 kwa 3. Sare ambayo upande mmoja uliisherehekea kama ushindi, na upande wa pili ukaichukua kama msiba.

Basi, tuitazame lugha. Mtu aliyeshindwa husema "tumefungwa". Hasemi "wamefungwa", ijapokuwa yeye mwenyewe hakugusa mpira. Kiambishi hiki cha nafsi ya kwanza katika wingi ndicho kipimo cha ushabiki: kila mtu hupenda kusema "tumeshinda", lakini anayesema "tumefungwa" ndiye mwenyeji wa klabu. Pili, kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na mtendaji aweza kuachwa. Mshabiki asema "tumefungwa tano" na kunyamaza. Jina la mtani halitamkwi. Yule aliyeshinda naye hutumia kauli ya kutenda, "tumewafunga", na kuirudia mara nyingi kadiri awezavyo. Hivyo sarufi yenyewe imegawa kazi: mmoja apewa kauli ya kujisitiri, mwingine kauli ya kujivuna.

Jambo la tatu ni msamiati. Neno "bao" lilikuwa katika mchezo wa kete kabla mpira wa ngozi haujafika pwani. Lakini maneno mengine yametoka kwenye baraza la mashauri na kwenye daftari la mwenye duka. Timu zisipofungana hutoka "suluhu", yaani zimepatana kama mahasimu waliopatanishwa. Aliyefungwa hutafuta "kulipa kisasi". Bao la kusawazisha "hurudishwa", kama mtu arudishavyo alichokopa. Anayesubiri mchezo wa pili husema "tunawadai". Maneno haya hayamwambii mshabiki kwamba ameangamia. Yamwambia kwamba hesabu haijafungwa. Mdai na mdaiwa wamefungamana, wala hakuna apendaye mdaiwa wake afe kabla ya kulipa. Hapa ndipo ilipo faraja ya kwanza ya aliyeshindwa: aibu imegeuzwa deni, na deni lina siku yake.

Faraja ya pili yatoka katika utani. Magazeti na watangazaji wamezoea kuviita vilabu hivi "watani wa jadi", na wengi hudhani kwamba ni pambo la maneno tu. Sivyo. Utani ni taratibu ya kale katika nchi yetu, R. E. Moreau aliiandikia katika miaka ya 1940, na wenyeji wa Dar es Salaam wanaufahamu hasa ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliokuzwa na safari za misafara kati ya bara na pwani. Katika utani mtu ana ruhusa ya kumkejeli mwenzake hata msibani, na mwenzake ana wajibu wa kutokasirika. Ruhusa na wajibu huenda pamoja. Hali kadhalika mji huu ulikwisha kuzoea ushindani wa makundi kabla ya vilabu vya mpira: ngoma za beni, ambazo T. O. Ranger alizieleza kwa kirefu mwaka 1975, ziligawa watu katika Marini na Arinoti, kila upande ukiwa na sare zake, vyeo vyake na nyimbo za kuwasuta wenzao. Mpira ulipokuja ulikuta uwanja umekwisha kufyekwa.

Kwa hiyo aliyefungwa mabao 5 ajua mapema yatakayompata. Ataonyeshwa vidole vitano mahali pa salamu, kwa maana mabao matano huitwa "mkono". Ataitwa kwa jina la kejeli, "utopolo" akiwa wa Yanga, "makolo" akiwa wa Simba. Haya yote yanauma. Lakini yanauma kwa kanuni. Kejeli inayotazamiwa si sawa na tusi la ghafula. Tena aliyefungwa si mtu asiye na silaha. Akiambiwa "tano", yeye hujibu "sita". Na hata kijana aliyezaliwa miaka 30 baada ya 1977 huitaja tarehe ya mwezi Julai kana kwamba alikuwapo. Tarehe zile nilizozitaja hapo juu zimehifadhiwa zaidi kwa kazi hii: ni akiba ya majibu. Ndiyo sababu mshabiki asiye na elimu kubwa ya historia huweza kuzitaja bila kukosea siku wala mwezi.

Lakini kuna njia nyingine ya kubeba kushindwa, nayo ina hatari. Ni kuelekeza maneno ndani badala ya nje. Kwanza hutolewa udhuru: refa, kiwanja, mvua, majeruhi. Udhuru haudhuru mtu. Wazee wa Yanga wakitajiwa mabao 6 ya mwaka 1977 huwa na udhuru wenye uzito: kwamba mgogoro ulikwisha kuivunja timu yao, na wachezaji mashuhuri walikuwa wamekwenda kuunda klabu ya Pan African mwaka 1976. Pili huja tuhuma: kwamba fulani amehujumu, kwamba kiongozi fulani ni mamluki, kwamba mchezo umeuzwa. Hapo aliyefungwa hatafuti tena deni lake kwa jirani. Anamtafuta msaliti nyumbani. Mwaka 2023 kocha wa Simba, Roberto Oliveira, aliondolewa siku chache tu baada ya mabao 5. Huenda palikuwa na sababu nyingine za kumwondoa, lakini haraka ile yaonyesha jinsi hasira inavyotaka mtu wa kuibeba.

Lugha ya mgawanyiko wa ndani ni kali kuliko ya utani, nayo haina kanuni. Katika mgogoro ule wa Yanga wa miaka ya 1970 pande mbili ziliitwa Kandambili na Raizoni, majina yaliyotokana na viatu: vya mtu wa kawaida na vya mtu mwenye nafasi. Angalia tofauti. Mtani hukukejeli kwa mabao uliyofungwa, na kesho mabao hayo yaweza kurudishwa. Ndugu yako wa klabu akikukejeli kwa kiatu chako, amekukejeli kwa hali yako ya maisha, na hakuna mchezo wa marudiano utakaokulipia.

Hapa nataka kutoa rai ambayo huenda wengine hawataikubali. Tazama orodha ya mabingwa wa taifa. Cosmopolitans walikuwa mabingwa mwaka 1967, Mseto wa Morogoro mwaka 1975, Pan African mwaka 1982, Tukuyu Stars mwaka 1986. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyebaki kuwa nguvu ya kudumu katika ligi kuu. Sababu za fedha zipo, na za uongozi zipo, na za idadi ya watu zipo, sizikatai. Lakini vilabu hivi vilipungukiwa pia na kitu kimoja ambacho Yanga na Simba wanacho: havikuwa na mtani. Walipofungwa, hakuna aliyewangoja mtaani kwa kejeli. Walipoanguka, hakuna aliyewadai wala aliyedaiwa nao. Klabu isiyo na mtani hufungwa kimya kimya, na hufa vivyo hivyo. Yule anayekusimanga kila asubuhi kwa mabao 5 anakukumbusha pia kwamba wewe ungali upo, na kwamba mwezi fulani mtakutana tena.

Itasemwa kwamba napamba mambo. Kwamba utani wa siku hizi umekuwa matusi, na kwamba watu wamepigana kwa ajili ya mpira. Ni kweli kwamba mpaka kati ya utani na tusi hupotea mara kwa mara, hasa mmoja anapotawala muda mrefu. Simba walishika ubingwa misimu 4 mfululizo hata 2020/21. Yanga wakajibu kwa misimu 4 hata 2024/25. Mchezo uliokuwa uchezwe tarehe 8 Machi 2025 uliahirishwa baada ya Simba kutangaza kwamba hawatacheza, kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani siku ya kuamkia mchezo. Ulipochezwa tarehe 25 Juni, Yanga walishinda 2 kwa bila. Katika wiki zile maneno ya mitaani yalikuwa ya kesi na adhabu kuliko ya utani. Jambo hili halivunji rai yangu, bali laithibitisha: kanuni ikilegea, kushindwa hakubebeki, na asiyeweza kubeba kushindwa huanza kuukataa mchezo wenyewe.

Limebaki neno moja kwa wanafunzi wa lugha. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 tarehe 1 Juni 1968 sasa ni mzee anayekaribia miaka 70. Majibu waliyojibizana watu wa Kariakoo jioni ile, nyimbo walizosutana, nyudhuru walizozitunga, mengi hayakuandikwa gazetini, kwa maana gazeti huandika aliyefunga bao. Mabao 5 tunayo. Maneno ya waliofungwa yangali katika vinywa vya wazee wachache, nayo yafaa yakusanywe mapema, wangali wapo wa kuyasema.