Nusu ya Mali



Ukifika Samad Ash-Shan, katika Sharqiyah ya Oman, utakuta mitende na mifereji ya falaji, na ukiwa na bahati utaamkiwa kwa Kiswahili. Watu wengi wa Sharqiyah walikuwa na jamaa zao Unguja, Pemba na Bara. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa tangu Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, wengi walirudi kwa wazee wao wakiwa na lugha yetu mdomoni. Mswahili hapotei pale.

Lakini sisi Wakristo miongoni mwa Waswahili tumezoea kudhani kwamba katika historia ya nchi ile hatumo. Tumo, na tena kwa habari inayotugusa hadi leo. Ni habari ya imani, utii na mali.

Katika miaka ya 1980 wachimbuaji wa mambo ya kale kutoka Bochum, Ujerumani, walifukua makaburi ya Samad ya watu walioishi kabla ya Uislamu. Jina la mji huo mdogo likawa jina la zama nzima katika vitabu vya wataalamu. Makaburi hayo hayahesabiwi kuwa ya Wakristo. Wakristo wa Oman, ambayo zamani iliitwa Mazun, walikuwa zaidi upande wa pwani, karibu na Sohar. Askofu wao Yohana anatajwa katika mkutano wa maaskofu wa Kanisa la Mashariki mwaka 424. Wengine wanatajwa mwaka 544 na mwaka 576. Kwa hiyo Neno la Mungu lilisomwa Oman kwa Kisiria zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kusomwa Rabai au Mbweni.

Karne ya 7 Uislamu ukaingia Oman. Mkuu wa Kanisa la Mashariki kati ya mwaka 649 na 659 alikuwa Isho'yahb wa Tatu. Barua zake zimehifadhiwa, na mojawapo inawahusu hao watu wa Mazun. Anamwandikia askofu mkuu wa Uajemi kwa uchungu mkubwa. Anasema Wakristo wa Mazun wameiacha imani yao, na wala si kwa upanga wala kwa mateso. Kwa maelezo yake, Waarabu hawakuwalazimisha. Hata anawasifu kwamba waliwaheshimu mapadri na kuyasaidia makanisa na nyumba za watawa. Waliambiwa tu kwamba anayetaka kubaki Mkristo atoe nusu ya mali yake. Wengi wakachagua mali.

Tuwe waadilifu katika kuisoma barua hii. Mwandishi wake alikuwa akigombana na huyo askofu mkuu juu ya madaraka, na mtu mwenye hasira huongeza chumvi. Pia hatuwezi kuingia mioyoni mwa watu wa miaka 1,300 iliyopita na kusema hakuna aliyesilimu kwa imani ya kweli. Waislamu wanaosoma jarida hili ni ndugu na majirani zetu, na historia isiwe fimbo ya kumpigia jirani. Tena, mwaka 676 anatajwa askofu mwingine wa Mazun, Stefano. Basi wako waliobaki. Majina yao hatuna, wala hesabu ya walichotoa.

Hao waliobaki ndio wanaonifikirisha. Upanga ukija, mtu huamua mara moja. Ankara ya nusu ya mali huja polepole, nyumbani, mume na mke wakihesabu mitende: hii ya watoto, hii ya mahari ya binti, hii ya deni. Hapo ndipo utii unapopimwa.

Ankara kama hiyo ilifika pwani yetu pia, nayo ikawadai Wakristo. Katika Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 23, imeandikwa kwamba mtumwa aliyemkimbia bwana wake asirudishwe, bali akae penye kumpendeza. Neno hilo ni rahisi kulisoma kanisani. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipata kimbilio kwa Wakristo wenyeji. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Katika Kenya anakumbukwa kuwa shahidi wa kwanza wa imani.

Rabai nako watoro walijaa, na wenye watumwa wakadai mali yao. Mwisho wake Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ililipa fedha, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mtu aweza kuuliza kama ilikuwa haki kumlipa aliyemmiliki binadamu. Hata hivyo, waliowapokea watoro kabla ya fedha hizo kutolewa hawakujua kwamba zitakuja. Walitii kwanza.

Na huko Oman mambo yakakutana. Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika, waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, walikabidhiwa kwa mmisionari Peter Zwemer mjini Maskati. Akawafungulia shule nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye alikufa kwa maradhi, akiwa bado kijana. Watoto wa upande wetu walijifunza kusoma katika nchi ile ile ambamo maaskofu wa Mazun waliwahi kusoma Injili.

Leo Wakristo wanaofanya kazi Oman wanasali Ruwi, Ghala, Sohar na Salalah, katika viwanja vilivyotolewa na Sultani. Hakuna anayedaiwa nusu ya mali yake. Nasi tulioko Ulaya na Marekani hatudaiwi. Ila ankara zetu zipo. Zamu ya Jumapili inalipa zaidi. Fomu inajazwa kwa uongo mdogo ili karatasi zipatikane haraka. Mgeni asiye na kibali anabisha hodi usiku, nasi tunahesabu hasara kabla ya kumfungulia. Mimi mwenyewe nimewahi kuhesabu mlango ukiwa umefungwa, na hesabu ilipokwisha aliyebisha alikuwa amekwenda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Mazun walikuwa na daftari, na mitende yao hawakuipoteza. Kilichopotea ni kile ambacho daftari halina safu ya kukiandikia.

Mungu atubariki, na atusaidie kufungua mlango mapema.