Meli za Kitalii za Daraja la Juu: Jina na Hesabu Zake

Kampuni ya meli za kitalii za daraja la juu, ambayo kwa Kiingereza huitwa premium cruise line, ni kampuni inayouza safari za burudani baharini kwa bei ya katikati ya soko. Iko juu ya kampuni za kawaida zinazobeba umati, na chini ya kampuni za anasa zenye meli ndogo na wahudumu wengi. Neno "katikati" ndilo la kushika, maana jina lenyewe humfanya mtu aamini kwamba juu yake hakuna kitu tena. Holland America, Princess na Celebrity ndizo zinazotajwa kila mara katika kundi hili. Chini yake zipo Carnival, Royal Caribbean, MSC na Norwegian. Juu yake zipo Regent Seven Seas, Silversea na Seabourn. Oceania na Azamara huwekwa mpakani, na mawakala wa safari hawajakubaliana zikae upande gani.

Sehemu mbili za istilahi hii hazina shida kwa Kiswahili. Safari yenyewe si ya kwenda mahali bali ya kuzunguka: abiria hupanda, hutembezwa bandari kadhaa, na mara nyingi hushukia gati lile lile alilopandia. Magazeti ya Kiswahili yamekwisha kuzoea kuandika "meli ya kitalii" au "meli ya watalii", na hapana haja ya kutafuta jingine. "Kampuni" nayo inatosha kwa neno line. "Laini" kwa msemaji wa leo ni kadi ya simu. Tatizo ni neno la tatu, premium. Katika bima, premiamu ni pesa anazolipa mwenye bima, kwa hiyo kuliazima kama lilivyo ni kukaribisha mkanganyiko. "Daraja la kwanza" huja mdomoni upesi zaidi, lakini linapotosha, na sababu yake iko katika historia ya meli zenyewe.

Meli za abiria za zamani zilikuwa na madaraja ndani ya meli moja. Wa daraja la kwanza walikaa juu wakapata hewa na meza za vitambaa. Wa daraja la tatu walirundikwa chini. Utaratibu huo haujapotea Afrika Mashariki: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi iliuza tiketi kwa madaraja, na boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar hutenga viti vya kawaida na vya wateja maalumu. Hapo "daraja la kwanza" lina maana kamili, kwa kuwa wapo wa daraja la pili katika chombo kile kile.

Safari za kitalii zilifuata njia nyingine. Mwaka 1891 Albert Ballin, aliyekuwa akiongoza idara ya abiria ya kampuni ya meli ya Hamburg, aliona meli yake Augusta Victoria haina wateja wakati wa baridi katika bahari ya Atlantiki, akaipeleka Mediterania na abiria waliolipa kwa ajili ya matembezi tu. Wazo hilo lilibaki biashara ya pembeni hadi ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuzinyang'anya meli abiria waliokuwa na haraka. Meli zilizobaki zilihitaji kazi mpya. Princess ilianza mwaka 1965 kwa safari za kwenda Mexico, Carnival mwaka 1972, Celebrity mwaka 1988. Katika meli hizi ukuta kati ya madaraja uliondolewa: kila abiria, hata aliyelala chumba kisicho na dirisha, aliweza kuingia ukumbi wowote na kuketi sitaha yoyote. Daraja likahama kutoka ndani ya meli kwenda kwenye jina la kampuni. Ndiyo maana "daraja la juu" linafaa kuliko "daraja la kwanza": linataja kiwango cha kampuni nzima, na linaacha nafasi ya "daraja la anasa" kukaa juu yake bila kugombana nalo.

Ni haki kuongeza kwamba ukuta ule umeanza kurudi. Celebrity ina eneo la kujitenga kwa ajili ya wenye vyumba vikubwa, MSC na Norwegian vilevile, na Cunard haikuwahi kuacha kabisa kuwapa abiria wa vyumba vya bei kubwa migahawa yao wenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa daraja la kwanza ndani ya kampuni ya daraja la kawaida, na akahudumiwa vizuri kuliko jirani yake aliye chumba cha ndani katika kampuni ya daraja la juu.

Je, daraja hili linapimika? Kipimo kinachotumiwa sana ni uwiano wa nafasi kwa abiria, yaani tani jumla za meli zikigawanywa kwa idadi ya abiria pale kila chumba kinapokuwa na watu wawili. Tani jumla, licha ya jina lake, hazihusu uzito. Ni kipimo cha ujazo wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya meli. Koningsdam ya Holland America, ya mwaka 2016, ina tani jumla zinazokaribia 100,000 na abiria 2,650, hivyo uwiano wake ni kama 38. Seven Seas Explorer ya Regent ina takriban 55,000 kwa abiria 750, na uwiano unapanda hadi zaidi ya 73. Tofauti ya daraja la anasa inaonekana wazi. Lakini Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina karibu tani jumla 250,000 kwa abiria 5,610, na uwiano wake ni 44. Meli ya umati, kwa hesabu hii, ina nafasi kubwa kuliko ya daraja la juu. Idadi ya wahudumu nayo haisaidii, kwa kuwa katika Koningsdam na Icon mfanyakazi mmoja huhudumia abiria wawili na nusu hivi.

Hivyo daraja la juu ni neno la soko zaidi kuliko la vipimo. Wanaolilinda ni wale wale wanaouza madaraja mengine. Shirika la Carnival linamiliki Holland America, Princess na Cunard, na pia Seabourn ya anasa. Kundi la Royal Caribbean linamiliki Celebrity na Silversea. Wenye Norwegian wanamiliki Oceania na Regent. Mmiliki mmoja anapanga bidhaa zake kwa ngazi ili mteja asimkimbie anapopata fedha zaidi au anapozeeka.

Hata hivyo kuna kitu kinachonunuliwa. Nafasi kubwa ya Icon imejaa mabwawa, mabomba ya kutelezea majini na kumbi za michezo. Abiria hawakai ndani ya wastani, wanakaa kwenye foleni. Meli ya watu 2,650 ikitia nanga, mji mdogo wa bandari huweza kuipokea. Ya watu zaidi ya 5,000 hufunika barabara zake. Katika meli za daraja la juu watoto ni wachache nje ya likizo za shule, muziki hupigwa na wanamuziki walioketi mbele ya wasikilizaji, matangazo ya vipaza sauti hupungua, na safari za siku 10, 14 au zaidi ni za kawaida. Abiria wengi wana umri mkubwa. Kwa wengine hilo ndilo linalowavutia, na kwa wengine ndilo linalowafukuza.

Alaska inaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine. Hifadhi ya taifa ya Glacier Bay huruhusu meli kubwa za kitalii mbili tu kwa siku, na sehemu kubwa ya nafasi hizo imekuwa mikononi mwa Holland America na Princess. Norwegian, ya daraja la kawaida, nayo inazo baadhi. Siku ya kuingia, askari wa hifadhi hupanda melini na kuzungumza na abiria kwa kipaza sauti. Meli husogea polepole hadi mbele ya barafu ya Margerie, kisha hujigeuza hapo hapo ili upande wa kulia na wa kushoto wote waone. Katika meli za Holland America wahudumu hupita sitahani na vikombe vya supu ya njegere ya Kiholanzi, desturi ya kampuni iliyoanzishwa Rotterdam mwaka 1873, huku watu waliovaa makoti mazito wakisubiri kipande cha barafu kimeguke na kuanguka majini. Hakuna gati hapo, hakuna duka, wala hakuna anayeshuka. Anayelinganisha tangazo la wiki moja Alaska kwa kampuni mbili asitazame nauli peke yake. Aangalie kama Glacier Bay imo katika ratiba, na kama meli inatoka Vancouver na kupita kati ya visiwa, au inatoka Seattle, ambako sehemu ya njia huwa bahari ya wazi yenye mawimbi.

Sasa nauli. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Tangu Julai 2024, kwa sababu ya sheria ya jimbo la California, kampuni kubwa zinazouza Marekani zimeanza kujumlisha ada na tozo za bandari katika bei ya tangazo. Kabla ya hapo zilijitokeza mwishoni mwa malipo. Ila bado kuna bili ya pili inayokua melini. Ya kwanza katika bili hiyo ni bakshishi, na hapa Kiswahili kinataka uangalifu, kwa sababu bakshishi kwa asili ni hiari ya mtoaji. Melini hukatwa yenyewe kila siku, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa mtu, na zaidi kwa vyumba vikubwa. "Tozo ya huduma" ingekuwa jina la kweli zaidi. Kisha kuna vinywaji, intaneti, migahawa ya pembeni, picha, na matembezi ya nchi kavu. Matembezi hayo huko Alaska yanaweza kula pesa kuliko vinywaji, na kampuni ya daraja la juu haiyauzi kwa bei nafuu.

Mfano wa kukadiria utaonyesha namna nauli inavyodanganya. Watu wawili wanasafiri siku 7. Kampuni ya kawaida inataka dola 900 kila mmoja, ya daraja la juu 1,200. Tofauti ni dola 600 kwa wawili. Katika ya kawaida wanaongeza bakshishi ya dola 17 kwa mtu kwa siku, kifurushi cha vinywaji cha dola 70 kwa mtu kwa siku, na intaneti ya chumba ya dola 20 kwa siku: jumla 3,158. Katika ya daraja la juu wananunua kifurushi kimoja kinachobeba vinywaji, intaneti na bakshishi, mfano wa kile ambacho Princess imekuwa ikikiuza. Kikiwekwa dola 62 kwa mtu kwa siku, jumla ni 3,268. Tofauti ya dola 600 imebaki 110.

Wasiokunywa pombe wana hesabu nyingine kabisa, na hili linawagusa wasomaji wengi wa pwani. Wakiacha kifurushi na kulipa bakshishi na intaneti tu, hata kwa dola 18 za bakshishi katika kampuni ya juu, watatoka na dola 2,178 dhidi ya 2,792. Tofauti imebaki kubwa kama ilivyotangazwa. Punguzo linalosifiwa na mawakala ni punguzo la vileo. Isitoshe, kampuni nyingi huwalazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja kununua kifurushi cha vinywaji endapo mmoja wao amekinunua, hata mwingine akiwa anakunywa chai tu. Chakula cha halali hupatikana katika baadhi ya meli kikiombwa mapema, na ombi hilo liwekwe kwa maandishi wakati wa kukata tiketi.

Swali gumu kuliko yote ni la chumba. Pesa ya chumba cha ndani katika daraja la juu mara nyingi hutosha kwa chumba chenye roshani katika daraja la kawaida. Katika safari ya siku tatu au nne za joto huko Bahamas, roshani inashinda bila ubishi: meli hiyo ni kama hoteli, na muda wa kuonja utulivu haupo. Wenye watoto nao hawana sababu ya kulipia ukimya ambao watoto wao hawautaki. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo chakula, kelele na foleni vinavyopata uzito kuliko dirisha. Alaska ina upekee wake tena, kwa kuwa mandhari huonekana pande zote mbili na aliye sitahani huona kuliko aliye roshani, ila baridi huwafanya wengi warudi ndani.

Anayesafiri peke yake hukutana na ada ya upweke, ambayo huweza kufikia nauli kamili ya mtu wa pili asiyekuwepo. Norwegian ilijenga vyumba vya mtu mmoja katika Norwegian Epic mwaka 2010, na baadhi ya meli za daraja la juu zimefuata, lakini vyumba hivyo ni vichache na huisha mapema. Malipo ya mwisho hudaiwa takriban miezi mitatu kabla ya kuondoka. Baada ya hapo anayejitoa hupoteza sehemu ya fedha inayokua kila wiki. Bei ikishuka kabla ya tarehe hiyo, kampuni nyingi za Marekani humruhusu mteja kurekebishiwa, mradi aombe mwenyewe. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda ana tarehe nyingine ya kuiangalia kabla ya hiyo, nayo ni ya viza. Safari ya Alaska inayoanzia Vancouver humdai viza ya Kanada na ya Marekani, na ile inayozunguka kutoka Seattle hudai zote mbili pia, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzilazimisha meli zenye bendera ya nje ziguse bandari ya nchi nyingine, ambayo kwa kawaida ni Victoria ya Kanada. Asiye na viza hizo hapandishwi gatini, awe na tiketi ya daraja lolote, na nauli yake kwa kawaida hairudishwi.