Kosa moja, mizani mbili: sheria ya uzinzi kando ya Ziwa Tanganyika

Kutoka Minago, katika ufuko wa Rumonge nchini Burundi, boti ikikata ziwa kuelekea magharibi inatia nanga Kongo. Ikiambaa na ufuko kwenda kusini inafika Kigoma, Tanzania. Biashara ya samaki, ndagala na mukeke, haijali mipaka, na wala mapenzi hayaijali. Ila mwenzi akitoka nje ya ndoa, kila nchi ina hukumu yake.

Mzizi wa mambo uko Ulaya. Kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya 1810 ilimfunga mke mzinzi miezi 3 hadi miaka 2. Mume aliguswa tu akimweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, na hata hapo alitozwa faini. Ubelgiji, iliyokuja kuzitawala Kongo na Burundi, ilifuata upendeleo huo katika kanuni yake ya 1867. Ilifuta kosa lenyewe mwaka 1987. Mwaka huohuo Kongo ilipitisha Sheria ya Familia: mke aliadhibiwa kwa uzinzi wowote, mume pale tu ulipohesabiwa kuwa tusi zito kwa mkewe.

Tanzania ilishika njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Mbali kidogo na ziwa hili, nchini Uganda, mume aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa na kosa, ilhali mke aliyetoka na mwanamume yeyote alikuwa mhalifu. Tarehe 5 Aprili 2007 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu kilichosema hivyo kwa kuvunja usawa.

Kwa Burundi, swali la kwanza ni ndoa ipi inayotambuliwa. Nchi hiyo iliridhia mwaka 1992 mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Sheria ya familia ya 1993 inatambua ndoa ya mke mmoja, iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali, ingawa ilimwacha mume kuwa kichwa cha nyumba. Mwaka 2017 serikali iliwaagiza wanaoishi pamoja bila ndoa wajiandikishe kabla ya mwaka kwisha.

Mahari yaliyolipwa na nikahi ya msikitini haviitoshelezi sheria ya 1993. Asiye na cheti cha ndoa, hata akimkuta mumewe kwa mwingine, hana ndoa ya kuidai mahakamani. Kwa hiyo binti anayeposwa Minago leo, na wazee wake, waanzie kwa ofisa wa serikali kwenye ofisi ya komine kabla ya kupika pilau.