Kikuza kisichokuza

Wiki jana nilikuwa nikihariri mswada wa istilahi za elektroniki, mhandisi mmoja akanikatiza kwenye neno "kikuza". "Prof, hicho chombo hakikuzi chochote," akasema. Nilikereka kidogo, maana neno hilo nililipendekeza mwenyewe. Lakini historia iko upande wake.

Mwaka 1904, John Ambrose Fleming wa London aliunda balbu iliyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Waingereza wakaiita vali. Wamarekani, wao waliona umbo tu, wakaiita mrija. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia kipande cha tatu cha waya ndani ya balbu ya aina hiyo, na hapo ikawa bilula hasa: volti chache kwenye waya huo hufungua au kubana mkondo mkubwa utokao kwingine. Ishara ndogo haikui, ng'o! Inaamuru tu. Mkono ufunguao bilula haugeuki maji.

Jambo hili huonekana wazi zaidi zinapotakiwa volti nyingi kwa kasi. Osiloskopu za zamani, vyombo vinavyochora umbo la umeme kwenye skrini, zilikuwa na vibamba vya kuvuta mwale wa elektroni. Vibamba hivyo ni kama ndoo. Ishara ikibadilika, sharti vijazwe au vimwagwe. Nanosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kupandisha vibamba vya pikofaradi 20 kwa volti 100 ndani ya nanosekunde 10 kunadai mkondo wa ampea 0.2. Si mchezo. Basi ongeza vali? Sawa, lakini kumbe kila vali ina kindoo chake, nacho kinataka kujazwa!

Mwingereza William Percival alilifumbua fumbo hilo katika hataza ya 1936: vali zipangwe mstari, zitenganishwe kwa koili, ili mikondo ijumlike bila vindoo kujumlika. Mwaka 1948 Edward Ginzton, William Hewlett na wenzao wawili wakachapisha uchanganuzi wa mbinu hiyo Marekani, na miaka ya 1950 kampuni ya Tektronix ya Oregon ikaitumia katika osiloskopu zake.

Kwa hiyo nimefuta "kikuza", nikaandika "amplifaya" kwa penseli. Nalo lina kosa lile lile, ila limejificha ndani ya Kiingereza. Mhandisi anataka "kiamuru". Hilo silipendi, linanukia kambi ya jeshi.