Kuvuta vidonge puani: mapafu ya mwanao yanapata nini?

Kidonge kimetengenezwa kipitie tumboni. Baadhi ya vijana hukisaga kikawa unga na kukivuta kwa pua ili kiwalevye haraka. Huwa ni dawa kali za maumivu, au dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi kama diazepam. Kwa kuwa imetoka duka la dawa, kijana huiona salama kuliko unga wa mtaani, na wazazi wengi pia hufikiri hivyo.

Lakini kidonge si dawa tupu. Ndani mna vijazio vya kukishikanisha: wanga, selulosi, na talki, madini ambayo yametumika miaka mingi kwenye poda za watoto. Tumboni havina shida. Talki na selulosi zikifika mapafuni haziyeyuki. Mwili huzizingira kwa chembe za kinga, vivimbe vidogo vidogo hutokea, na baada ya miezi au miaka huacha makovu. Pafu lenye makovu ni gumu, halitanuki vizuri, na kijana wa miaka 20 anahema kwa kupanda ngazi tu.

Si kila anayevuta hufikia hapo. Sehemu kubwa ya unga hunasa puani, ambako huleta vidonda, damu, na hata tundu kwenye ukuta wa kati wa pua. Makovu haya ya mapafu huonekana zaidi kwa wanaojidunga vidonge vilivyosagwa. Ila vumbi laini hupenya hadi chini, na anayevuta kila siku analirudishia kila siku.

Mwenye pumu yuko kwenye hatari kubwa zaidi: unga huo, na hasa dawa za jamii ya afyuni, unaweza kumbana kifua ghafla. Wengine mapafu huvimba kwa mzio, wakapata homa na kikohozi kama nimonia.

Tatizo ni kwamba haya yote hufanana na magonjwa tunayoyajua. Vivimbe hivyo kwenye picha ya eksirei vinaweza kudhaniwa kifua kikuu. Kijana akinyamaza, anaweza kubadilishiwa dawa mara tatu bila nafuu. Kwa hiyo mama, kikohozi kikizidi wiki mbili mpeleke apimwe kifua kikuu kama kawaida, na umwambie daktari wazi kuhusu vidonge. Ukiona aibu mbele ya watu, omba mzungumze faraghani. Aulize pia kama kituo kina kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha nguvu ya mapafu.

Kovu halifutiki, na kwa wengine ugonjwa huendelea hata baada ya kuacha. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Lakini aliyezoea dawa za usingizi asikatishwe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege. Daktari humpunguzia polepole.

Ukimkuta hazinduki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi ni za mbali mbali na midomo imebadilika rangi, hiyo ni dharura ya leo, si ya kesho. Mlaze ubavu, usimpe maziwa wala chochote kinywani, mkimbize hospitali na uende na pakiti ya vidonge. Kwa dawa za jamii ya afyuni ipo naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi.

Vidonge vilivyobaki baada ya mgonjwa kupona, vihesabu na uulize duka la dawa kama linavipokea.