Herufi Mbili Baada ya Nukta

Ukitaka kufungua tovuti, ushauri wa jina utapewa bure na kila mtu: liwe fupi, litamkike kwenye simu, lisiwe na vistari. Sisi watoto wa Waswahili tuna letu la kuongeza. Mfumo wa .com unakubali herufi, tarakimu na kistari tu, kwa hiyo ukitaka kusajili neno ng'ambo, utaandika ngambo, ile alama ibaki nje. Haya, hilo tunazoea. Kinachopuuzwa ni kipande cha mwisho, zile herufi baada ya nukta, na huko ndiko kuna historia.

Mwanzoni hakukuwa na .com. Majina ya kompyuta za mtandao wa Arpanet yaliandikwa kwenye faili moja, likitunzwa na watu wa taasisi ya SRI kule California. Faili likawa refu hadi likawashinda, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa vikoa tunaoutumia mpaka leo. Jina la kwanza kusajiliwa kwenye .com lilikuwa symbolics.com, 15 Machi 1985.

Kwa upande wa nchi, msimamizi wa mambo haya, Jon Postel, hakutaka kuwa mtu wa kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Akachukua orodha ya herufi mbili mbili ya ISO, iliyokuwepo tangu 1974, akaifuata kama ilivyo. Ujanja mzuri kweli. Ila orodha ile ina tabia zake: Tanzania imo kama TZ, Zanzibar haimo kabisa, halafu kuna maeneo yasiyo nchi ambayo yamo.

Chukua .io. Kampuni za teknolojia zinaipenda sana kwa sababu mafundi wa kompyuta wanaisoma kama kifupi cha kuingiza na kutoa data. Kumbe ni Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, bahari hii hii yetu. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, na kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wakaondolewa ili Marekani ipate kituo cha kijeshi Diego Garcia. Wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Kikoa cha .io kilipoanza mwaka 1997, visiwani hakukuwa na mwenyeji hata mmoja wa kukitumia.

Leo nenda Crawley, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Utakuta watu wa Chagos na watoto wao, na wajukuu ambao kisiwa cha bibi wanakijua kwa kusimuliwa tu. Ni kizazi kama chetu, isipokuwa sisi tukipata nauli tunakwenda nyumbani.

Wengine watasema herufi ni herufi tu, mbona Tuvalu wanauza .tv? Ni kweli, na mimi sina neno na hilo. Tuvalu waliingia mkataba wao wenyewe, na fedha zake ziliwasaidia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Wanauza chao.

Halafu kuna jambo ambalo wasikilizaji wetu wa Kongo wanalielewa haraka: mwisho wa jina unaweza kufa. Mobutu aliiita nchi Zaire mwaka 1971, ikapata .zr. Mwaka 1997 Kabila akairudishia jina la Kongo, ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa. Yugoslavia nayo, .yu iliondolewa 2010. Sasa 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuipa Mauritius mamlaka juu ya Chagos. Siku IO ikiondolewa kwenye orodha ya ISO, utaratibu wa kawaida ni kikoa nacho kupewa muda, kisha kufungwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: kama wateja wako wako nyumbani, .co.tz au .co.ke inaeleweka mara moja. Kama wametawanyika Muscat, London na Minneapolis, lipia .com. Na usajili uwe kwa jina lako na barua pepe yako, usiwe wa yule kijana aliyekutengenezea tovuti, maana siku akibadilisha namba ya simu, jina limekwenda naye.