Tofali la Kuchoma
Kata ya Mahongole, Makambako

Tofali hili ni udongo wa bondeni uliofyatuliwa kwa mkono katika kalibu ya mbao, ukaanikwa, kisha ukachomwa kwa kuni kwenye tanuri. Tazama ubavuni: mara nyingi vidole vya mfyatuaji huacha alama.

Matofali kama haya hujenga shule za kanisa. Wamisionari Walutheri wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na shule zikajengwa kando ya makanisa. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizikabidhi nyingi kwa Serikali.

Shule iliyobaki kwa kanisa ikichakaa, mabati yakavuja na sakafu ikachimbika, changizo huanzia ibadani. Jumapili hupigwa mnada: debe la mahindi, viazi, kuku. Bei hupita ya sokoni, na pengine mnunuzi hurudisha kuku yuleyule anadiwe tena! Waumini hufyatua matofali na kuinua boma hadi kwenye lenta.

Mabati, saruji na madirisha ndiyo hula fedha. Hapo huingia wafadhili wa mbali na wenyeji waishio mijini. Mchango wao ni mkubwa, lakini hautangulii jasho la kijiji.

Tofali limehifadhiwa kwa sababu ukuta ukishapigwa plasta, kazi ya waliobeba udongo haionekani tena.